Kulegea si Kulegeza

Pana neno moja la Kiingereza ambalo siku hizi halikosekani vinywani mwa wazazi, walimu na mahatibu wa pwani yetu. Neno lenyewe ni "sagging", na makusudio yake ni ule mtindo wa vijana kuvaa suruali chini ya kiuno hata nguo ya ndani ikaonekana. Ndugu zetu wa Tanzania wamekwisha kuupa mtindo huo jina, wanauita mlegezo, na wengine husema kata K. Huku Kenya vijana wamelichukua lile lile la Kiingereza, wakalivisha "ku" ya Kiswahili, wakawa wanasema kusagi. Makala haya hayakusudii kuutetea mtindo huo. Nakusudia kuuliza neno limetoka wapi na maana yake ni nini, kwa sababu juu ya asili yake panasemwa maneno mazito ambayo Mwislamu hapaswi kuyapokea bila ya kuyachungua.

Yanayosemwa ni matatu. La kwanza ni kwamba mtindo ulianzia katika jela za Marekani, ambako wafungwa hunyang'anywa mishipi. La pili, na hili hunenwa kwa sauti ya chini lakini kwa hamu kubwa, ni kwamba mfungwa aliyeteremsha suruali alikuwa akiwatangazia wanaume wenzake kuwa yu tayari kwa kitendo cha watu wa Nabii Lut. La tatu ni kwamba neno "sagging", ukilisoma kutoka mwisho kuja mwanzo, hutoa tusi wanalotukaniwa watu weusi, na kwa hiyo lilitungwa na maadui ili vijana wetu wajitukane wenyewe bila ya kujua. Haya yote nimeyasikia barazani, harusini, na hata watu wanapotoka kusali. Na kila anayeyasema huyasema kwa yakini ya mtu aliyekuwako.

Wala si pwani peke yake. Nilipokwenda Nunguni, katika vilima vya Kilungu huko Makueni, niliyakuta maneno haya yamenitangulia. Nunguni ni mji mdogo wa soko ulio juu vilimani, na mtu wa pwani akifika huko jambo la kwanza hutafuta sweta. Pale sokoni mfanyabiashara mmoja aliyetoka kwetu, mtu mzima mwenye kofia yake, alimwona mvulana wa miaka kama kumi na minne, mwembamba kama ufito, suruali imemshuka. Akamsimamisha mbele za watu, akamweleza maana ya vazi lile kule jela kwa maneno ambayo sitayaandika. Mvulana alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa adabu: "Mzee, hii ni ya kaka yangu. Mimi sina mshipi." Akaivuta juu kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika kiondo cha maparachichi, akaenda zake. Watu walicheka, na aliyechekwa hakuwa mvulana.

Tangu hapo nimekuwa nikilifikiria neno hili. Naona tumelitumia kumhukumu kijana kabla ya kulijua.

SIKIO HUDANGANYA

Natuanze na jina la mji wenyewe. Mswahili akisikia "Nunguni" mara moja atamkumbuka nungu, yule mnyama mwenye miba, ataongeza "ni" ya mahali, na ataridhika kwamba amepata maana. Mwingine atabisha, atasema ni nyungu iliyopotoka. Lakini Nunguni iko Ukambani, na maana ya jina la Ukambani huulizwa wazee wa Kikamba, haikisiwi na mpita njia aliyetoka Mombasa. Kufanana kwa sauti si udugu. Katika lugha yetu wenyewe tuna kaa wa majini, tuna kaa la moto, na tuna kaa kitako; sauti ni moja, na hakuna aliye mtoto wa mwenzake.

Sasa tazama, msomaji, lililotupata katika neno hili. Mwingereza anasema "sag". Sikio la Mswahili linasikia saga. Na kusaga kwetu ni kazi ya jiwe na mtama. Lakini kitenzi hicho hicho kimezaa jina jingine la aibu ambalo wenye adabu hawalitaji mbele ya watoto. Kijana akisema "mimi nasagi", mama yake hushtuka kabla hajajua kwamba linalozungumzwa ni suruali. Nadhani hii ni sababu moja iliyoifanya ile habari ya jela ituingie kwa wepesi. Ilipofika, ilikuta sikio limekwisha kutandikiwa mkeka.

Lakini jiwe la kusagia na suruali ya Marekani hazijuani hata kidogo. Tulifuate neno mpaka kwao.

NENO LA MABAHARIA

"Sag" ni neno la zamani katika Kiingereza. Limo katika maandishi ya karne ya 15, yaani kabla Columbus hajafika upande ule wa bahari mwaka 1492, na kabla Vasco da Gama hajatokeza Mombasa na Malindi mwaka 1498. Wanaochungua asili za maneno ya Kiingereza hulihusisha na lugha za majirani wa kaskazini. Kijerumani cha zamani cha pwani kilikuwa na "sacken", maana yake kutua au kuzama kidogo kidogo. Kiholanzi hata leo kina "zakken" kwa maana ya kushuka. Na Kiswidi kina "sacka", kubakia nyuma. Hizi ni lugha za watu wa bahari, waliokuwa wakiuziana samaki, mbao na nguo kutoka bandari hadi bandari. Kama vile sisi tulivyopokea maneno ya Waarabu, Waajemi, Wahindi na Wareno kwa njia ya vyombo, nao walipokeana yao.

Maana yake ya asili haina ubaya. Ni kushuka kwa kitu kilichokuwa kimenyooka: kamba, paa, daraja, shavu la mzee. Na baharini lilipata kazi maalumu. Chombo kinachoshindwa kushika njia yake, kikawa kinateleza kidogo kidogo kuelekea upande wa demani, Waingereza husema kimefanya "sag". Tena chombo kirefu, mawimbi yakikiinua omo na tezi na kuliacha tumbo bila ya maji ya kulitegemeza, huinama katikati. Hali hiyo ndiyo "sagging" kwa maseremala wa meli. Kinyume chake, wimbi likiinua katikati na ncha mbili zikaanguka, huitwa "hogging", neno walilolitoa katika mgongo wa nguruwe, mnyama ambaye sisi hatuna haja naye.

Hata Shakespeare alilitumia. Katika mchezo wake wa Macbeth, ulioandikwa yapata mwaka 1606 na ambao S. S. Mushi aliutafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968, yule mfalme dhalimu anapozungukwa na maadui anajigamba kwamba moyo wake hautashuka kwa shaka. Neno alilopewa ni hilo hilo "sag". Hakuna aliyedhani siku hiyo kwamba mfalme anazungumzia suruali.

Kwa hiyo lile dai la tatu, la neno kutungwa ili likisomwa kinyume litoe tusi, linaanguka lenyewe. "Sag" lilikuwako mamia ya miaka kabla ya mtindo. Na ule mkia wa "ing" ni kiungo cha kawaida cha Kiingereza, hutiwa katika kila kitenzi kama sisi tunavyotia "ku" mwanzoni. Herufi zikipinduliwa zikatoa neno jingine, hiyo ni bahati ya herufi. Pindua "lima" upate "amil", pindua "kata" upate "atak". Hapana siri iliyofichwa humo.

JELA NA UVUMI

Ama dai la kwanza lina msingi. Ni kweli kwamba jela nyingi za Marekani huwanyima wafungwa mishipi, kwa sababu mtu aweza kujinyongea au kumpigia mwenziwe, na ni kweli kwamba nguo za wafungwa aghalabu haziwatoshi sawasawa. Watu wengi hukubali kwamba sura hiyo ya suruali iliyoshuka ilitoka na waliomaliza vifungo ikaingia mitaani. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 waimbaji wa muziki wa hipihopu walikuwa wakiivaa mbele ya kamera, na wafanya biashara hawakulala. Mwaka 1992 kampuni ya Calvin Klein ilitangaza nguo zake za ndani kwa picha za kijana mwimbaji aliyevaa suruali chini ili mshipi wa chupi wenye jina la kampuni usomeke. Tangu hapo lililokuwa dhiki ya mfungwa likawa bidhaa. Kijana wa Likoni au wa Tandika aliyeiga hakumwiga mfungwa, alimwiga mwimbaji. Na mwimbaji nyuma yake alikuwa na muuzaji.

Lakini dai la pili, lile la uchafu, ni jingine kabisa. Waliolichungua huko huko Marekani hawakupata ushahidi wa kulithibitisha. Ni uvumi uliopendwa kwa sababu unamwezesha mzee kumnyamazisha kijana kwa neno moja. Na ubaya wake ni kwamba kijana, anapogundua kwamba aliyoambiwa si kweli, hutupa pamoja na uongo huo yale ya kweli aliyoambiwa na mzee yule yule. Akiambiwa baadaye habari ya stara, atasema, "Ni wale wale."

LUGHA YETU INA MIZANI

Sasa turudi nyumbani. Kiingereza kinatumia neno moja kwa mengi, Kiswahili kimegawa. Boriti iliyolemewa na dari, tunasema imenepa. Kamba iliyopoteza mkazo, imelegea. Mtu aliyeishiwa nguvu viungoni, ametepeta. Bati lililokanyagwa, limebonyea. Ardhi laini chini ya mguu inatitia. Mwili uliopungua kwa maradhi umenywea. Mlima uliopoteza mshiko umeporomoka, na biashara iliyopoa imedorora. Zingatia kwamba kila neno katika hayo limebeba sababu ndani yake. Ukisema imenepa, umekwisha kutaja uzito. Ukisema imelegea, umetaja kukosa mkazo. Fundi akiitwa atajua kabla hajafika kama aje na nguzo au aje na kamba.

Na kuna jambo zuri zaidi. Tunasema suruali imelegea, na tunasema kijana amelegeza suruali. Herufi moja imeingia, na maana imegeuka. Kulegea ni tendo linalokipata kitu chenyewe. Kulegeza ni tendo la mwenye kukusudia. Kitanda cha kamba hulegea kwa kulaliwa, na hakuna wa kulaumiwa. Kikilegea huwambwa upya. Lakini mtu akizilegeza kamba za kitanda cha mgeni wake usiku, huyo ana jambo lake. Kwa Kiingereza suruali inafanya "sag", na kijana naye anafanya "sag". Neno ni lile lile kwa nguo na kwa mwenye nguo. Waliounda neno mlegezo huko Tanzania, sijui kama walikaa wakafikiri, lakini walilitoa mahali pake hasa: katika kulegeza, si katika kulegea. Wametaja mtindo wa mwenye kukusudia, na wakamwacha salama mwenye suruali iliyomshinda.

Yule mvulana wa Nunguni suruali yake ilikuwa imelegea. Masoko yetu yote, ya pwani na ya bara, yamejaa mitumba, nguo zilizokatwa kwa viuno vya Ulaya na Marekani. Mzazi hununua anayoiweza, na hununua kubwa kusudi mtoto aikulie. Kaka huivaa kwanza, kisha mdogo wake. Aliyemshambulia aliona kitendo cha makusudi mahali ambapo palikuwa na ukosefu wa mshipi.

ABUBAKAR NA SHUKA YAKE

Wasomaji wetu waliopitia chuoni wataikumbuka habari iliyomo katika Sahihi ya Imam Bukhari. Mtume, rehema na amani zimshukie, alionya kwamba mwenye kuiburura nguo yake kwa kiburi Mwenyezi Mungu hatamtazama Siku ya Kiyama. Sayyidna Abubakar akaingiwa na hofu, akaeleza kwamba upande mmoja wa shuka yake humlegea asipouangalia mara kwa mara. Mtume akamjibu kuwa yeye si katika wanaofanya hivyo kwa kiburi. Kitenzi cha Kiarabu katika hadithi hiyo ni "yastarkhi", na hakina tafsiri bora kwa Kiswahili kuliko inalegea. Ibn Hajar katika sherehe yake anataja sababu: Abubakar alikuwa mwembamba wa mwili.

Nimeitaja hadithi hii si kwa kuwa inahusu mtindo wa leo moja kwa moja. Hadithi inazungumzia ncha ya chini ya nguo kuburura ardhini, na wanazuoni wamefafanua hukumu yake. Katika madhehebu yetu ya Shafii, Imam Nawawi amepambanua kati ya mwenye kiburi na asiye nacho, wa kwanza ni haramu kwake na wa pili ni makuruhu. Mtindo wa vijana wetu unahusu ncha ya juu, na hapo hukumu ni nzito zaidi, kwa sababu tupu ya mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Mwenye kusali naye tupu yake imefunuka anapokwenda kurukuu na kusujudu, sala yake ina kasoro kubwa, na walio safu ya nyuma wanaudhika. Hayo yasemwe wazi, msikitini na nyumbani, wala yasionewe haya.

Lakini katika hadithi ile mna mafunzo ya namna ya kuhukumu. Mwenye shuka iliyolegea hakuvishwa dhambi ya mwenye kuilegeza. Aliulizwa hali yake, au tuseme aliieleza, na maelezo yake yakapokewa. Basi ikiwa nguo tu imepewa mizani hiyo, itakuwaje tuhuma ya uchafu? Sura ya Nuru, katika aya ya 4, imemwekea adhabu kali mwenye kuwasingizia zinaa wanawake watahirifu bila ya kuleta mashahidi wanne, na mafakihi wamewaingiza wanaume pia katika hifadhi hiyo. Na Sura ya Hujurat, katika aya ya 6, imeagiza habari ichunguzwe kabla watu hawajadhuriwa kwa ujinga. Mtu anayemwambia kijana wa watu, mbele ya soko zima, kwamba vazi lake ni tangazo la kitendo cha watu wa Lut, ana mashahidi wangapi? Hana hata mmoja. Ana uvumi.

Nimeifunga maana hiyo katika ubeti:

Neno ukilisikia, pima kabla ya kunena,
Si lote la kurukia, kwa sauti kufanana,
Kijana kumzulia, ni dhambi kwake Rabana,
Vazi juu hurudia, jina halipandi tena.

TUMEWAHI KUPITA NJIA HII

Huenda msomaji akaniuliza, kwani maneno tu yana madhara gani? Historia ya kwetu inajibu. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Zingatia, suruali za kubana. Leo kilio ni suruali zilizolegea. Kabla hata tarehe haijafika, wanawake walikuwa wamekwisha kushambuliwa na vijana mitaani Dar es Salaam. Baadaye zikaja bugaluu na pekosi, suruali pana za chini, na viatu vya raizoni, navyo vikapigiwa kelele. Waliovivaa leo ni babu, na wengine wao ndio wakali kabisa juu ya suruali za wajukuu wao.

Huku kwetu, mwaka 2014, wanawake walivuliwa nguo hadharani Nairobi na Mombasa na makundi ya wanaume waliodai kwamba wamevaa vibaya. Mkono uliowavua ulitanguliwa na ulimi uliowaita majina. Kilichosemwa kuwa ni kulinda stara kikaishia kuivunja stara yenyewe.

Na huko uliko mtindo wenyewe, Marekani, walijaribu sheria. Mwaka 2007 mji mdogo wa Delcambre, katika jimbo la Louisiana, uliweka adhabu ya faini hadi dola 500 au kifungo hadi miezi sita kwa mwenye suruali iliyoshuka. Mwaka huo huo mji wa Shreveport katika jimbo hilo hilo uliweka sheria yake. Waliokamatwa huko kwa miaka kumi na miwili walikuwa karibu wote wanaume weusi. Mwaka 2019 baraza la mji likaifuta, miezi michache baada ya kifo cha mtu mmoja mweusi wa miaka 31 ambaye polisi walianza kumfuata kwa sababu ya suruali yake. Mtindo ulizidi kuwako muda wote huo. Sheria haikuwafundisha watu kuvaa, iliwafundisha kukimbia.

LA KUFANYA

Mimi nasema hivi. Kwanza, tuache kulitumia neno la Kiingereza kwa jambo ambalo Kiswahili kimekwisha kulipambanua. Kijana aliyekusudia, tuseme amelegeza, na mtindo wake tuuite mlegezo kama wanavyosema ndugu zetu. Aliyeshindwa na nguo, tuseme imemlegea, na tumtafutie mshipi. Mshipi mmoja wa mtumba hauzidi bei ya chai na mahamri, na una thawabu kuliko hotuba.

Pili, anayemkanya aliyelegeza amwambie ukweli na asiongeze. Ukweli unatosha. Unatosha kumwambia: mwanangu, tupu yako inaonekana, sala yako inaharibika, na mama yako anaona haya. Kijana hatapata la kujibu hapo, kwa kuwa atajitazama na kuona kwamba ni kweli. Lakini ukimwambia ya jela, atakwenda kuuliza, atajibiwa kwamba ni uvumi, na wewe utakuwa umepoteza sikio lake kwa miaka kumi ijayo.

Tatu, amwambie pembeni. Nasaha ya hadharani aghalabu hugeuka fedheha, na wanazuoni wetu wametuonya hivyo tangu zamani. Vijana wengi walioacha kuja msikitini hawakuikimbia sala, walikimbia macho na ndimi za wakubwa mlangoni. Aliyekuja na suruali imeshuka amekuja. Mwenye hekima humpa kikoi cha kujifunga juu yake, akasali, kisha wakazungumza.

Na kwa kuwa nimeitaja Nunguni, nitamalizia na jambo la Ukambani ambalo kila mwenye kupanda vilima vile huliona. Mashamba ya huko yako katika miteremko mikali, na udongo wake tangu zamani ulikuwa ukichukuliwa na mvua kwenda bondeni. Wakulima wa Machakos na Makueni wanachimba mtaro kufuata usawa wa kilima, na udongo unaotoka wanautupa upande wa juu, ukawa ukingo. Mwaka hadi mwaka ngazi hufanyika, na shamba husimama. Kilimo hicho kina jina la Kiswahili, fanya juu, na jina hilo limeingia kama lilivyo katika vitabu vya Kiingereza vya kilimo, likasomwa na wataalamu wa nchi nyingi. Basi na sisi tuna neno tulilowapa.

Wakamba hawakuutukana udongo kwa kushuka. Waliurudisha juu kwa jembe, msimu baada ya msimu. Nadhani mzazi mwenye kijana wa mlegezo hana haja ya kwenda mpaka jela za Marekani kutafuta maneno. Amwite mtoto wake kando, ampe mshipi, amwambie kwa upole: mwanangu, fanya juu.